Windows, Linux na Mac nyumba moja: dalili, chanzo na tiba

Ofisini ni Windows. Nyumbani kuna laptopu yenye Windows na Linux ndani ya diski moja, na mwenzako wa nyumba anatumia Mac. Kila mfumo endeshi ukiwa peke yake hauna neno. Vurugu huanza pale mifumo miwili inaposhika kitu kimoja: saa ya kwenye ubao mama, flashi, sehemu ya diski, orodha ya kuwashia kompyuta, folda ya mtandao. Kila mfumo hukiandika kitu hicho kwa desturi yake bila kujali mwingine ulikiachaje.

Hali hii imezidi tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa kompyuta za Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kuendelea. Laptopu nyingi za mtumba ni za kabla ya hapo, hivyo wenyewe wameziwekea Linux na kuibakiza Windows pembeni kwa ajili ya programu moja au mbili za kazini. Ni uamuzi mzuri, mradi ujue mifumo hiyo inagongana wapi.

Kabla ya kugusa chochote

Jiulize: tatizo linatokea kwenye mifumo yote, au kwenye mmoja tu? Likitokea kote, shuku kifaa: kebo, betri, diski, ruta. Likitokea kwenye mfumo mmoja siku zote, shuku draiva au mpangilio wa mfumo huo. Likitokea pale tu unapotoka mfumo mmoja na kuingia mwingine, chanzo ni kitu wanachochangia, na hapo ndipo watu hupoteza siku nzima wakisakinisha upya mfumo usio na kosa.

Kuwa na flashi moja ya GB 16 yenye Ubuntu au Linux Mint inayoweza kuendeshwa bila kusakinishwa. Ndiyo shahidi wako wa tatu. Wi-Fi ikikataa kwenye mifumo yote miwili iliyomo kwenye diski lakini ikakubali ukiwasha kwa flashi hiyo, kadi ni nzima. Usiende kununua nyingine.

Saa inakosea kwa masaa 3 kamili

Simu inaonyesha 15:00. Unatoka Linux, unaingia Windows, na kwenye kona ya chini kulia unaona 12:00. Ukirekebisha Windows kisha ukaenda Linux bila intaneti, utaiona 18:00. Kosa la masaa 3 kamili, si dakika 7 wala masaa mawili na kitu, ndilo linalokupa jibu: Afrika Mashariki iko masaa 3 mbele ya saa ya dunia, UTC. Linux huandika UTC kwenye saa ya ubao mama, Windows huandika saa ya mahali ulipo. Kila mmoja unasoma maandishi ya mwenzake kwa tafsiri yake.

Madhara yake si ya kona ya skrini tu. Kwenye mtandao wa ofisi unaotumia kikoa cha Windows, kuingia hukataliwa saa ikipishana na seva kwa zaidi ya dakika 5, maana hicho ndicho kiwango cha kawaida cha Kerberos, utaratibu unaothibitisha watumiaji kwenye mtandao huo. Zile namba za siri zinazobadilika kila sekunde 30, zikitengenezwa na kompyuta hiyo, hazitakubaliwa. Na programu ya kusawazisha mafaili inaweza kuliona faili la zamani kuwa ndilo jipya, ikalifuta lile ulilolihangaikia asubuhi.

Tiba ni kukubaliana juu ya desturi moja. Njia bora ni kuifundisha Windows isome UTC. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi, uandike kwa mstari mmoja:

reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f

Zima na kuwasha, kisha nenda kwenye mipangilio ya tarehe na saa ubonyeze «Sync now». Kama kompyuta ni ya mwajiri na huruhusiwi kugusa Windows, badilisha upande wa Linux:

timedatectl set-local-rtc 1 --adjust-system-clock

Linux itakuonya kwamba njia hii ina matatizo. Onyo hilo linawahusu zaidi walio Ulaya na Marekani, ambako saa husogezwa mara mbili kwa mwaka na mifumo yote miwili hutaka kuisogeza. Huku kwetu saa haisogezwi, kwa hiyo haina shida kubwa. Ila chagua njia moja. Ukifanya zote mbili, kosa litageuka upande: Windows itakuwa sawa na Linux itachelewa masaa 3.

Saa ikirudi miaka kadhaa nyuma kila unapochomoa umeme, hapo mifumo haina hatia. Ni betri ndogo ya ubao mama, kwa kompyuta nyingi ni CR2032 ya volti 3. Ibadilishe.

Flashi inasomeka huku, kule haisomeki

Jambo la kwanza, na ndilo linalookoa kazi za watu: Windows ikisema «You need to format the disk in drive E: before you can use it», bonyeza «Cancel». Haimaanishi flashi imekufa. Mara nyingi ina maana imefomatiwa kwa ext4 ya Linux au APFS ya Mac, na Windows haijui kuzisoma. Mac nayo hutoa ujumbe kwamba diski haisomeki, ikiwa na kitufe «Initialize». Hicho nacho kiache. Bonyeza «Ignore» au «Eject». Irudishe flashi kwenye kompyuta ilikotoka, nakili mafaili kwanza, ndipo ufikirie kufomati.

Aina nne zinatosha kuzijua. NTFS ni ya Windows: Linux za sasa huisoma na kuiandika, Mac huisoma tu, ndiyo maana unaweza kufungua faili lakini kulibandika humo hairuhusu. APFS na ext4 zibaki kwenye mifumo yao. FAT32 inasomwa na kila kitu, mpaka redio za magari na televisheni za zamani, lakini haibebi faili moja linalofika GB 4. Ukiona «The file is too large for the destination file system» wakati flashi ina GB 20 tupu, tatizo ni hilo. Kwa kuhamisha mafaili kati ya mifumo yote mitatu, tumia exFAT. Linux iliipokea rasmi ndani ya kiini chake kuanzia toleo la 5.7 la mwaka 2020, hivyo kompyuta yenye Linux ya zamani sana huenda ikahitaji kifurushi cha ziada. Ifomatie kwenye Windows, maana flashi za exFAT zilizofomatiwa na Mac mara nyingine hukataa kusomeka kwingine.

exFAT ina udhaifu mmoja: haiweki daftari la kazi iliyokuwa ikiendelea, kwa hiyo kuichomoa katikati ya kuandika ni hatari kuliko kwa NTFS. Hapa tabia ya Windows inawaponza watu. Tangu toleo la 1809, Windows huandika moja kwa moja kwenye flashi, na mtu akizoea kuchomoa tu, mara nyingi hapati shida. Linux hufanya tofauti. Unanakili filamu ya GB 3, dirisha linafikia mwisho ndani ya sekunde 10 na kufungwa, lakini taa ya flashi bado inapepesa. Data iko kwenye RAM, inaendelea kumiminwa. Ukichomoa hapo, faili litaonekana lina jina na ukubwa sahihi, ila halifunguki. Bonyeza «Eject» na ungoje ikuruhusu, au andika sync kwenye dirisha la amri na usubiri mstari urudi.

Ikiwa umeshachomoa vibaya: kwenye Windows, chkdsk E: /f (weka herufi ya flashi yako). Mac, ukiipa exFAT iliyochomolewa vibaya, inaweza kukaa dakika kadhaa bila kuionyesha kwa sababu inaikagua kimyakimya. Iache imalize. Wengi huchomoa tena hapo na kuongeza uharibifu.

Kuna na hili la mapacha. Unapeleka picha stationery kuchapishwa, mhudumu anakwambia zimeharibika. Mwombe aangalie majina. Mac ikiandika kwenye exFAT au FAT32 huweka, kando ya baadhi ya mafaili, jingine dogo la KB 4 hivi lenye jina lile lile likitanguliwa na nukta na mstari wa chini: ._picha1.jpg. Kwenye Mac hulioni, kwenye Windows linaonekana, na likifunguliwa linagoma kwa sababu si picha. Picha halisi iko pale pale. Kuyaondoa kabla ya kutoka nyumbani, kwenye Mac andika:

dot_clean -m /Volumes/JINA_LA_FLASHI

Linux inaiona diski ya Windows lakini haiandiki

Dalili: unaingia Linux, unafungua sehemu ya diski yenye Windows, mafaili unayaona, kuhifadhi kunakataa. Au haifunguki kabisa, na ujumbe unataja neno «hibernated» au «unclean».

Chanzo ni kwamba Windows haikuzimwa. Uliibonyeza izime, skrini ikawa nyeusi, feni ikanyamaza, lakini mpangilio wa «Fast Startup» ulihifadhi hali ya kiini cha Windows kwenye faili la hiberfil.sys ili kesho iwake haraka. Kwa Windows, ile diski bado iko mikononi mwake. Linux inakataa kuiandika ili isikuharibie, na ina haki. Usiilazimishe.

Dawa ya kudumu ni amri moja kwenye Windows, kama msimamizi:

powercfg /h off

Amri hii inaondoa pia uwezo wa kuilaza kompyuta kwa kuhifadhi kazi kwenye diski, na inakurudishia nafasi ya GB kadhaa. Usipotaka kuupoteza uwezo huo, ukiwa unahamia Linux bonyeza «Restart» badala ya «Shut down». Kuwasha upya hufunga kila kitu kweli. Kushika Shift huku ukibonyeza «Shut down» nako hufanya hivyo. Ikiwa bado diski inagoma, rudi Windows, endesha chkdsk C: /f, kubali ikague wakati wa kuwaka, kisha zima kwa njia hiyo.

Mpangilio huu huu unaleta ugonjwa mwingine usioelekea kuhusiana nao: Wi-Fi au sauti kupotea kwenye Linux mara tu baada ya kutoka Windows, kisha kurudi yenyewe siku nyingine. Windows iliiacha kadi katika hali ya usingizi na draiva ya Linux ikashindwa kuiamsha. Kabla ya kutafuta draiva mpya, zima Fast Startup.

Menyu ya kuchagua mfumo imepotea

Kompyuta inaingia Windows moja kwa moja, kana kwamba Linux haikuwahi kuwepo. Mara nyingi imetokea baada ya sasisho kubwa. Linux haijafutwa, kilichobadilika ni mpangilio wa nani anaanza kwenye orodha ya UEFI, ile programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta.

Ila kabla ya kugusa UEFI, tafuta ufunguo wa BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows. Kompyuta nyingi za Windows 11, hasa zilizosakinishwa upya kwa toleo la 24H2 na akaunti ya Microsoft, zimefungwa kwa usimbaji bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha Secure Boot (ulinzi wa UEFI unaokagua kianzishi cha mfumo) au mpangilio wa kuwasha, Windows inaweza kukuomba ufunguo wa tarakimu 48. Bila huo, data zako hazipatikani, hata kwa fundi hodari. Kwenye dirisha la amri la msimamizi andika:

manage-bde -protectors -get C:

Zinakili tarakimu hizo kwenye karatasi, usiziweke kwenye kompyuta ile ile. Ufunguo huweza kuwa pia kwenye akaunti yako ya Microsoft, kupitia aka.ms/myrecoverykey. Kama kompyuta ni ya ofisi, ufunguo uko kwa watu wa TEHAMA, na hao ndio waamue.

Sasa washa kompyuta huku ukigonga kitufe cha orodha ya kuwashia: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP, Esc au F8 kwa Asus. Ukiona jina la Linux yako, kwa mfano «ubuntu», lichague. Ukishaingia, andika sudo efibootmgr. Utaona orodha yenye namba kama Boot0000 na Boot0003. Ikiwa ubuntu ni 0003, iweke mbele:

sudo efibootmgr -o 0003,0000

Zipo kompyuta ambazo hata ukipanga hivyo zinarudisha Windows mbele kila zinapowaka. Kwa hizo, ingia mipangilio ya UEFI yenyewe uiburute Linux juu ya orodha na kuhifadhi. Jina la Linux lisipoonekana kabisa, washa kwa ile flashi ya Linux na utumie programu ya Boot-Repair.

Hali ya kinyume nayo ipo: menyu ya Linux inatokea, lakini Windows haimo. GRUB, programu ya Linux inayoonyesha menyu hiyo, kuanzia toleo la 2.06 la mwaka 2021 haitafuti mifumo mingine isipoambiwa. Fungua faili la /etc/default/grub, weka mstari huu, kisha endesha sudo update-grub:

GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false

Na ukikuta skrini nyeusi yenye maneno «Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation», chanzo kinajulikana. Sasisho la Windows la Agosti 2024 lilizuia vianzishi vya zamani vya Linux, na likazipata hata kompyuta zenye mifumo miwili. Zima Secure Boot kwa muda (ufunguo wa BitLocker ukiwa mkononi), ingia Linux, andika sudo mokutil --set-sbat-policy delete, zima na kuwasha uingie tena Linux, sasisha Linux yote, ndipo urudishe Secure Boot.

Ng'ombe amegeuka ngâ€™ombe

Orodha ya mifugo au wateja imeandikwa kwenye Mac au Linux, ikahifadhiwa kama CSV (jedwali la maandishi matupu), ikafunguliwa kwa Excel ofisini. Kila neno lenye ng' limeota takataka katikati. Kiswahili chetu kinaandikwa kwa herufi za kawaida, ndiyo maana mtu anaweza kukaa miaka bila kukutana na tatizo hili, mpaka siku ya ng'ombe, ng'ambo na majina ya watu.

Kilichotokea ni hatua mbili. Mac iligeuza ritifaa (ile alama ya ng') iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, ambayo kwenye UTF-8, mfumo wa sasa wa kuhifadhi herufi, inaandikwa kwa baiti tatu. Excel ilipofunguliwa kwa kubofya faili mara mbili ilidhani ni mfumo wa zamani wa Windows wa baiti moja kwa herufi moja, ikaonyesha alama tatu. Usifute kwa mkono. Anza na karatasi tupu ya Excel, nenda «Data», «From Text/CSV», chagua «65001: Unicode (UTF-8)» kama asili ya faili. Anayetuma kutoka Excel achague «CSV UTF-8» wakati wa kuhifadhi.

Tatizo halijaisha hapo. Ukitafuta ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka, Excel haitampata ng’ombe mwenye iliyopinda. Orodha itahesabu wanyama wa aina mbili. Kwenye Mac zima «Use smart quotes and dashes» katika mipangilio ya kibodi, na kwenye LibreOffice iko chini ya «AutoCorrect Options». Kisha badilisha vyote kwa mkupuo mmoja, kabla ya kuhesabu.

Ukiwa bado kwenye faili hilo, tazama safu ya tarehe. Kama baadhi zimeegemea kulia na nyingine kushoto, kompyuta imewekwa kwa desturi ya Marekani ya kutanguliza mwezi. 03/04 imesomwa kuwa tarehe 4 Machi, na 13/04 imeachwa kama maandishi kwa sababu hakuna mwezi wa 13. Zile za kushoto ndizo zenye nafuu, kwa kuwa zinaonekana. Za kulia zimeshabadilika bila kelele. Andika 2025-04-03 na mifumo yote itaelewana.

Majina ya mafaili

Windows haikubali \ / : * ? " < > | ndani ya jina, wala jina linaloishia na nukta au nafasi. Faili la «Nani amelipa?.xlsx» lililotoka Linux litagoma kunakiliwa. Linux inatofautisha Picha.jpg na picha.jpg, ukizinakili zote kwenye flashi ya exFAT, moja itaifunika nyingine. Hii ndiyo sababu tovuti inayoonekana vizuri kwenye laptopu ya Windows inapoteza nembo ikipandishwa kwenye seva ya Linux: faili ni Nembo.PNG, ukurasa unaomba nembo.png. Herufi ndogo, kistari badala ya nafasi, basi.

Kwa wanaoandika hati za amri: ujumbe wa «bad interpreter» wenye ^M mwishoni unatokana na Windows kumaliza kila mstari kwa alama mbili badala ya moja. Andika sed -i 's/\r$//' hati.sh na itaendeshwa.

Hati ya kurasa 4 imekuwa kurasa 5

Fonti. Hati iliandikwa kwa Calibri, Linux haina Calibri, ikachukua nyingine yenye upana tofauti na mistari yote ikasogea. Sakinisha mbadala zenye vipimo sawa, Carlito kwa Calibri na Caladea kwa Cambria:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Kwa Arial na Times New Roman, fonti za Liberation kwa kawaida zimeshakuwepo. Office mpya huanza na Aptos. Kama hati itazunguka kati ya mifumo, ibadilishe kuwa Arial au Calibri kabla ya kuandika neno la kwanza. Na kitu kilichokwisha, kama barua ya maombi ya kazi, kitume kwa PDF.

Folda ya mtandao na printa

Mac au Linux inaomba jina na nenosiri ili kuingia folda iliyo kwenye Windows, unaandika namba zile zile unazofungulia kompyuta, inakataa. Hizo ni PIN, na PIN haivuki kompyuta moja. Mtandaoni linahitajika nenosiri la akaunti. Suluhisho safi ni kutengeneza mtumiaji wa kazi hiyo tu kwenye Windows, kwa net user mgao * /add, kisha kumpa ruhusa kwenye folda. Kwa upande wa Linux, Samba (programu ya kushiriki folda na Windows) ina daftari lake la manenosiri: sudo smbpasswd -a jina. Kwa Mac, kwenye «File Sharing» kuna sehemu ya Windows ambako lazima umtie alama mtumiaji husika.

Kompyuta ikikosekana kwenye orodha, usiingoje. Ifuate kwa namba: \\192.168.1.10 kwenye Windows, smb://192.168.1.10 kwenye Mac (Command na K) na Linux. Ikikataa hata hivyo, angalia kama Windows imeuweka mtandao wa nyumbani kuwa «Public», ugeuze «Private». Kumbuka pia kwamba Windows 11 Pro kuanzia 24H2 inakataa kuingia kama mgeni bila nenosiri, na SMB1, lugha ya zamani ya kushiriki folda, haiji na Windows mpya tangu 2017. Usiirudishe kwa ajili ya kifaa kimoja chakavu. Mlango huo ndio uliopitiwa na kirusi cha WannaCry mwaka huo huo.

Printa za Wi-Fi zenye AirPrint hukubali Mac na Linux bila draiva. Taabu ni leza za zamani za USB. Canon LBP2900, kwa mfano, inaongea lugha yake ya CAPT. Bila draiva ya Canon iliyotengenezewa mfumo wako haitachapa, na kuiachia kompyuta ya Windows kazi hiyo ni rahisi kuliko kupigana nayo. Printa ikitema kurasa zenye alama za ajabu, umechagua draiva ya lugha nyingine. Ikipepesa taa na kungoja karatasi wakati trei imejaa, hati imepangwa kwa Letter ya Marekani na trei ina A4.

Nenosiri sahihi linakataliwa

Laptopu nyingi za mtumba zimetoka Uingereza, na kibodi zake zina " juu ya 2, wakati ya Marekani ina @ hapo. Ikiwa Windows imewekwa UK na Linux ikawekwa US, nenosiri lenye @ litafanya kazi upande mmoja tu. Kwenye Windows bonyeza alama ya jicho uone unachoandika; kwenye Linux angalia alama ya lugha ya kibodi kwenye skrini ya kuingilia. Diski iliyofungwa kwa LUKS, usimbaji wa Linux, huuliza nenosiri kabla mipangilio yako haijapakiwa, na huenda ikatumia US hata kama umechagua UK. Kwa hilo, chagua nenosiri refu la herufi na namba pekee, na uepuke alama.

Kipanya cha Bluetooth na Wi-Fi isiyoonekana

Kipanya kinakubali Windows, ukienda Linux kinadai kuunganishwa upya, ukirudi Windows nako kimesahaulika. Kadi ya Bluetooth ni moja na anwani yake ni moja, lakini kila mfumo ulipewa ufunguo wake wa siri, na kipanya hukumbuka wa mwisho tu. Unaweza kuunganisha kwenye Linux kwanza, halafu Windows, kisha kunakili ufunguo wa Windows hadi kwenye faili la info lililo chini ya /var/lib/bluetooth. Kazi hiyo ni ya mwenye subira. Kipanya chenye kipokezi chake kidogo cha USB kinamaliza jambo hilo, kwa sababu ufunguo unakaa ndani ya kipokezi chenyewe.

Wi-Fi ikikosekana baada ya kusakinisha Linux, andika rfkill list. «Soft blocked: yes» inatibika kwa rfkill unblock all, «Hard blocked: yes» ni swichi ya pembeni au kitufe cha Fn. Kama hakuna kizuizi, lspci -nnk itakuonyesha kadi na draiva yake. Broadcom za zamani huhitaji bcmwl-kernel-source kwenye Ubuntu, nayo inapatikana kwa intaneti ambayo ndiyo huna. Chomeka simu ya Android kwa kebo ya USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na Linux itaiona kama kebo ya mtandao bila kusakinisha kitu. Baada ya hapo, ikiwa Secure Boot imewashwa, utaulizwa uweke nenosiri la muda, na kompyuta ikiwaka tena itatokea skrini ya bluu: chagua «Enroll MOK» na uandike nenosiri hilo. Skrini hiyo haingoji. Ukiipita, draiva itakuwepo lakini haitapakiwa, na itabidi uombe usajili upya kwa sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der.